Mikato Ishirini na Sita kwenye Kitako cha Bunduki

Mwaka niliokaa Kingsbury nilikuwa nimechoka mpaka nywele. Sitanii. Nilikuwa nafuta viti vya uwanja wa mpira kule Wembley, na kama hujawahi kufuta viti vya uwanja Jumapili asubuhi baada ya mechi ya Jumamosi, usinihadithie habari za kuchoka. Watu wanakuja kupiga makelele kwa saa mbili, mie naokota maganda yao na kufuta bia yao kwa saa nane. Nikirudi nyumbani napanda ngazi kama mtu anayepanda mnazi, mguu mmoja baada ya mwingine, najiuliza nimefuata nini huku juu.

Chumba changu kilikuwa kwa wazee wawili, mume na mke, Wahindi wa Unguja. Mzee alizaliwa Mjini, baba yake akiwa na duka la vitambaa. Waliondoka miezi michache baada ya Mapinduzi, yeye akiwa na miaka kumi na tisa. Kiswahili chake kilikuwa kile cha zamani, kizuri kuliko changu, na alikuwa akinisahihisha hata nikiwa na haraka ya kwenda msalani. Mkewe nilikuwa namwita Mama. Yeye hakunisahihisha. Alikuwa ananiangalia viatu tu, na mie nikishaangaliwa hivyo nilikuwa navivua.

Siku moja, sijamaliza hata mwezi, Mzee akaniita juu. Akasema, "Wewe mtu wa kwetu. Njoo nikuoneshe kitu."

Nikasema, "Mzee, kama ni habari ya ule mfereji wa bafuni niliouacha wazi, nimekoma."

"Si mfereji. Njoo."

Akafungua kile kifuniko cha darini, akateremsha ngazi ya chuma, akapanda kwa magoti yake mabovu, akarudi na kitu kirefu kimefungwa kwenye shuka. Akakilaza kitandani, akakifunua polepole kama mtu anayemwamsha mtoto.

Bunduki.

Mie nikarudi nyuma mpaka nikagonga kabati. Mzee akacheka. Akanambia haipigi, mtutu umezibwa kwa chuma, na ina cheti chake, akanionesha cheti. Nikamwambia, "Mzee, aliyepigwa risasi hasomi cheti."

Ilikuwa ile bunduki ya vita vya pili, wenyewe wazee wa zamani wakiita thrii-o-thrii. Mbao zake zimeng'aa kwa kushikwa na mikono ya watu. Kwenye kitako pana kisahani kidogo cha shaba, kimepigwa muhuri wa kikosi, na Mzee akaweka kidole chake pale. "Keya," akasema. "Bunduki hii ilibebwa na askari wa keya, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki. Watu wetu. Kutoka kwetu mpaka Bama kupigana na Wajapani, na kurudi."

Halafu akanieleza kwa nini. Dukani kwa baba yake palikuwa na mlinzi, mzee wa makamo, aliyekwenda Bama na akarudi. Mlinzi huyo ndiye aliyemfundisha Mzee, wakati huo mtoto wa miaka saba, kupiga gwaride kwa ule ubao wa yadi wa kupimia vitambaa. Bega silaha, shusha silaha, mpaka baba mtu anatoka na kuuliza ubao wake uko wapi, mteja anangoja. Habari za vita hakusimulia. Akiulizwa anasema, "Mvua ilikuwa nyingi," basi. Na siku zile za Mapinduzi, mlinzi yule alisimama mlangoni siku tatu, na ule ubao wa yadi begani, hana kingine, na kila aliyepita alimwambia neno moja tu: "Hapa nipo mimi." Hakuna aliyeingia. Familia ilipopata meli ya kuondoka, mlinzi alibeba masanduku mpaka forodhani, akarudi zake. Hawakusikia tena habari yake.

"Sikumwambia hata ahsante," Mzee akasema. "Nilikuwa nalilia baiskeli yangu niliyoiacha."

Miaka ikapita, akawa mtu mzima wa London, na siku moja kwenye ukumbi wanakouza vitu vya vita akaiona bunduki hii na kile kisahani. Si bunduki ya mlinzi wake, alijua hivyo. Lakini ni ya mtu kama yeye. Akaichukua. Na muuzaji, kwa furaha yake, akaigeuza na kumwonesha upande wa chini wa kitako, pale mkono unapopita ukiibeba. Palikuwa na mikato midogo midogo ya kisu, imejipanga kama meno ya kitana. Ishirini na sita. Mingi katika hiyo imekatwa tena juu yake kwa mkato wa kukingama.

"Muuzaji akanambia kila mkato ni mtu mmoja aliyeuawa," Mzee akasema. "Na iliyokingamishwa, maofisa."

Mie nikahesabu. Iliyokingamishwa kumi na tisa. Nikasema, "Basi jeshi hilo lilikuwa na maofisa wengi kuliko askari."

Hakucheka. Nikajua hapo ndipo panapouma.

Miaka kumi na moja alikuwa na bunduki ile. Ana madaftari matatu. Kila Jumatano alikuwa anapanda treni kwenda kwenye jumba la nyaraka za serikali, anakaa na penseli, maana kalamu ya wino hawaruhusu, anasoma makaratasi ya kikosi kile. Aliandika barua kwa wazee waliowahi kuwa maofisa, wengine wakajibu, kwa wengine wakajibu wajane wao. Alijua bunduki ilitengenezwa karakana gani, mwaka upi wa vita, ilipakiwa bandari ipi. Alijua kikosi kilitembea bonde gani kule Bama, mwezi kwa mwezi, mvua kwa mvua. Kitu kimoja tu hakukijua, nacho ndicho alichokuwa anakitafuta: ile mikato. Aliwauliza wanaokusanya bunduki wenzake, wote wakasema lilelile la muuzaji. Na kila akiikumbuka mikato ile anamwona mlinzi wake amekaa kwenye baraza ya duka, anasema mvua ilikuwa nyingi.

Na Mama? Mama hakutaka hata kusikia. Dari ile ilikuwa juu ya chumba chao. Nilimsikia kwa masikio yangu jikoni akisema, "Nimelala chini ya maiti ishirini na sita miaka kumi na moja. Basi."

Basi yenyewe ilifika mwezi wa kumi. Magoti ya Mzee yalikuwa yamekataa ngazi, na binti yao aliyeolewa Rayners Lane akasema wakakae kwake, ana chumba cha chini. Nyumba ikauzwa. Mie nikaambiwa kwa adabu nitafute pengine. Gari la kuhamisha vitu lingekuja Jumamosi. Na Mama akaweka sharti moja, wala hakupandisha sauti: kwenye nyumba ya wajukuu zake haiingii hesabu ya watu waliouawa. Mzee akampigia simu muuzaji mmoja aje kuichukua Ijumaa. Siku Mzee alipopiga ilikuwa Jumanne, na nilimwona baada ya kuweka simu chini. Alikaa kwenye ngazi, kidato cha tatu kutoka chini, kama mtu anayesubiri basi ambalo halipiti njia ile.

Jumatano ndiyo siku yake ya jumba la nyaraka. Hakwenda. Nami nilikuwa nimerudi kutoka uwanjani mchana, mabega yananiuma, nataka kulala nife, akanigongea mlango.

"Magoti hayapandi tena. Niteremshie, mwanangu."

Nikapanda darini. Nikaichukua bila shuka maana shuka lilikuwa limeshapakiwa. Ile ngazi ya chuma ni nyembamba, kwa hivyo nikaishika bunduki kichwa chini miguu juu, kitako kikanijia mbele ya pua. Mchana wa mwezi wa kumi London si mchana wa kujivunia, lakini pale penye dirisha la ngazi palikuwa na mwanga wa kutosha. Siku nyingine zote nilikuwa nimeiona mikato ile ndani ya chumba chenye pazia. Sasa naiona kwa karibu, inchi mbili na jicho, mkato na mkingamo wake, mkato na mkingamo wake, halafu mwishoni saba mitupu.

Nikaanza kucheka. Nikacheka mpaka nikakaa juu ya ngazi.

Mzee akauliza, "Unacheka nini?"

"Mzee, huu mlango wa jiko la bibi yangu."

Lazima nieleze. Bibi yangu hakusoma skuli. Mwaka mmoja, mie nikiwa darasa la nne, Ramadhani ilimkuta na homa, akala siku tisa. Siku ulizokula una deni nazo, lazima uzilipe baada ya Mwezi kwisha, na kwa vile hakuwa na kalamu, Bibi alifanya kama walivyofanya wanawake wote wa mtaani kwetu. Alikwaruza kwa ncha ya kisu kwenye fremu ya mlango wa jikoni, siku moja mkwaruzo mmoja. Akilipa siku, anapitisha mkwaruzo wa kukingama juu yake. Ukiingia jikoni kwa mtu, kabla hujala kitu, unajua anadaiwa funga ngapi.

Mie siku moja, kwa uhuni tu, nikachukua kile kisu nikamwongezea mitatu.

Nilitaka aje ahesabu, achanganyikiwe, apige kelele, mie nicheke. Alikuja kweli. Akahesabu kwa kidole, akasimama kidogo, akasema, "Uzee huu," basi, akaendelea kuchambua mchele. Akafunga siku kumi na mbili. Zile tatu za mwisho kulikuwa na joto la kuua, na yeye anapika mihogo ya nazi ya kwetu, anaonja kwa kutema. Mie nilikaa mbele yake nikala. Nilitaka kumwambia. Kwanza niliogopa fimbo, halafu niliogopa kitu kingine sijui jina lake. Bibi amekufa nikiwa huku, na makaratasi yangu ya kunirudisha hayakuwa tayari. Sikumwambia.

Yote haya niliyasema pale kwenye ngazi, bunduki mapajani. Mama alikuwa ametoka jikoni kusikiliza, kitambaa cha vyombo mkononi.

Mzee hakufurahi kama nilivyotegemea. Mtu aliyetafuta kitu miaka kumi na moja hakikubali haraka. Akasema, "Hiyo ni milango ya wanawake wa Unguja. Hii ni bunduki ya jeshi."

"Na mwanajeshi hana mama? Hakukulia jikoni?"

"Muuzaji alisema..."

"Mzee, muuzaji hajawahi kufunga hata kufuli. Hebu tazama. Mtu akitaka kujisifu ameua watu, atakata wapi? Juu, watu waone. Huyu kakata chini, kwenye kiza, sajenti asione. Maana kukwaruza bunduki ya serikali si adhabu hiyo?"

"Adhabu," Mzee akasema. Hilo alilijua, lilikuwa kwenye daftari.

"Na karatasi?"

"Karatasi zilioza. Mvua. Hata shajara ya kikosi wameandika samahani, kurasa zimeloa." Nikaona macho yake yameanza kwenda mbio, kama anasoma kitu ukutani. Akasema, "Niletee daftari la pili."

Nikaleta. Sikusikia tena uchungu wa mabega, sijui uliondoka saa ngapi. Mzee akatafuta ukurasa, akasoma: siku waliyopewa amri ya kuondoka kambini, bonde waliloingia, siku walizotembea kwenye matope mpaka magotini, chakula kikidondoshwa na ndege, wagonjwa wa homa wakibebwa. Kisha akampigia binti yake kazini amtafutie kwenye kompyuta, Ramadhani ya mwaka ule ilianza tarehe ngapi. Binti hujibu kwa Kiingereza hata umwambie nini. Tulimsikia akiuliza kama baba yake amesilimu. Mzee akamwambia, "Binti yangu, tafuta tu." Tukangoja. Mama alikuwa amekaa kidato cha chini, anakunja na kukunjua kile kitambaa.

Binti akasoma tarehe. Mzee akaiandika kwa penseli, akaliweka daftari magotini, akahesabu kwa vidole kutoka mwandamo wa mwezi mpaka siku ya amri ya kuondoka.

"Alifunga tatu," akasema. "Siku tatu kambini. Au nne, kama mwezi ulionekana siku moja kabla, ukatimia thelathini. Halafu wakaondoka, akala mpaka Mwezi ulipokwisha."

"Zinabaki?"

"Ishirini na sita."

Nje lori la taka lilikuwa linarudi nyuma, linalia. Mzee akavua miwani akaiweka juu ya daftari, akajipangusa uso kwa kiganja, mara mbili, tatu.

Kisha akarudi kuwa mtu wa nyaraka. "Inalingana. Lakini kulingana si kuthibitisha. Wanaweza wakawa pia watu ishirini na sita."

Nikataka kujibu, lakini Mama alitangulia. Mama alikuwa na funga zake za dini yake, siku ya kumi na moja ya mwezi kupevuka na siku ya kumi na moja ya mwezi kupungua, hali nafaka, na sijaona hata siku moja akikosa, hata alipokuwa mgonjwa. Akanyoosha mkono, nikampa bunduki. Ilikuwa mara ya kwanza kuishika, miaka kumi na moja. Akaigeuza, akapapasa ile mikato kwa kidole gumba.

"Mtu hakati mkato mara ya pili juu ya maiti," akasema. "Maiti umeshamaliza naye. Hii mtu alikuwa anarudi. Anarudi kila siku." Akafika mwisho. "Hizi saba?"

"Hajalipa, Mama," nikasema. "Labda walimnyang'anya bunduki kabla hajamaliza. Vita vimekwisha, rudisha silaha, nenda kwenu."

"Alilipia kwao?"

"Hatujui."

"Alifika kwao?"

Mzee akatikisa kichwa. Hilo pia hajui. Majina ya askari wale hayakuandikwa pamoja na namba za bunduki. Alishatafuta.

Mama akaifuta kitako kwa kile kitambaa cha vyombo, akampa mumewe. "Mpigie yule mtu asije Ijumaa. Lakini darini haikai tena, na juu ya kitanda changu haikai. Chini, sebuleni, ukutani, na watoto waambiwe ni nini." Akainuka kwenda jikoni, halafu akageuka akanitazama, na safari hii hakutazama viatu. "Na wewe, za bibi yako tatu umezilipa?"

"Za Bibi hazilipiki, Mama. Yeye alizidisha, hakupunguza."

"Basi unadaiwa."

Nilitaka kutia mzaha. Nilikuwa nao tayari mdomoni. Nikaumeza.

Wakahama Jumamosi. Mimi nikapata chumba Wembley, karibu na uwanja, juu ya duka la simu, na mlango wake wa mbao laini ulipakwa rangi nyeupe mwaka wa kwanza wa ufalme, nadhani. Kabla sijaondoka nilimwambia Mzee, kwa vile za Bibi hazilipiki, nitamlipia yule askari zile saba, nikamwomba ruhusa kila nikifunga siku nikingamishe mkato mmoja kwenye bunduki. Akapandwa na hamaki kama nimetukana.

"Usiguse! Kitu cha kale hakiongezwi alama. Ukikata mkato mmoja tu umekifuta chote, mtu wa baadaye hatajua kipi chake na kipi chako."

"Haya, haya. Samahani, Mzee."

Kwa hivyo nilikwaruza kwenye fremu ya mlango wangu, kwa ncha ya kisu cha kukatia nyanya. Saba. Sheikh wangu wa chuo cha Kurani angeniuliza nafunga kwa idhini ya nani, mtu simjui jina, ukoo simjui, na siku zangu mwenyewe ninazodaiwa sijathubutu hata kuzihesabu. Najua tu kwamba mtu alitembea kwenye matope na deni la Mungu wake amelifichia mkononi, na watu wakaja wakasema ni maiti.

Nimefunga Jumatatu na Alhamisi, nikipata shifti nyepesi, na nikipata nzito pia. Siku ya kwanza nilipofika kwenye ngazi za mashabiki wa juu kabisa niliona nyota mchana. Supavaiza akaniuliza naumwa? Nikamwambia nalipa deni la mtu. Akasema siku hizi kila mtu analipa deni la mtu, akapita.

Mzee hupiga simu Ijumaa. Haulizi habari za kazi wala za makaratasi. Anauliza, "Zimebaki ngapi?"

Juzi nikamwambia, "Mbili, Mzee. Lakini nimechoka. Wiki hii mechi mbili. Naomba niruke mpaka wiki ijayo."

Nilimsikia Mama nyuma yake akiuliza nimesema nini, naye akimweleza kwa Kigujarati. Akarudi kwenye simu.

"Mama anasema hakuna anayekukimbiza. Wiki ijayo. Anasema siku ya mwisho ufuturu huku, atakupikia ndizi za nazi. Na uje mapema, hii bunduki ya ukutani imekaa upande, uninyooshee, mimi sifiki."